Rangi Haina Madhara

Antonia hakuwa mtu wa kisirani. Waulize majirani zake wote kule juu ya Rhotia, pale mashamba yanapokoma na msitu wa Ngorongoro unapoanza, watakwambia kuwa mama yule hata kuku wa jirani akimlia mahindi aliyoanika, humfukuza kwa maneno tu, tena ya upole. Lakini mtu humjui mpaka umuulie mume, halafu umwandikie ujumbe wenye picha ya mikono miwili iliyounganishwa kwa heshima. Hapo ndipo utakapomjua.

Mumewe, Bartolomeo, alikuwa mlinzi wa mashamba ya kijiji. Kijiji kilimkabidhi bunduki yake ya mitutu miwili, yenye kibali na kila kitu, na kazi yake haikuwa kuua mnyama, maana sheria hairuhusu na yeye mwenyewe hakupenda damu. Kazi yake ilikuwa kelele. Mbogo akitoka msituni kufuata maharage ya watu, Bartolomeo husogea, huinua mitutu juu, hupiga mara moja, na mbogo hugeuka alikotoka huku akinung'unika. Wengine wana seng'enge, wengine wana mitaro. Uzio wa kijiji kile ulikuwa mlio wa bunduki ya Bartolomeo, na watu walilala usingizi kwa sababu yake.

Basi msimu ule kijiji kikanunua risasi mpya, za kampuni inayoitwa Ngurumo. Kiwanda chake kiko ng'ambo, ofisi yake ya huduma kwa wateja iko Dar es Salaam. Boksi likafunguliwa mbele ya kamati, gundi yake haijaguswa na mtu, na ndani yake vitako vya shaba vilikuwa na madoa ya kijani na meusi, mithili ya senti ya zamani iliyofukuliwa na jembe. Wajumbe wakatazamana. Mmoja akasema labda ndiyo fasheni ya siku hizi. Bartolomeo hakucheka. Alikuwa mtu wa kukagua, yule. Hata chumvi ya dukani aliionja kabla ya kulipa.

Akachukua simu ya mkewe, akazipiga picha zile risasi moja moja, akazituma kwenye namba iliyoandikwa ubavuni mwa boksi. Akauliza kwa adabu zote: ni mpya, mbona ziko hivi, je, ni salama, na je, zinaweza kubadilishwa? Jibu likaja. Antonia alilisoma mara nyingi sana baadaye, hata akawa hahitaji simu ili alisome. "Mpendwa mteja wetu wa thamani, mabadiliko ya rangi ni jambo la kawaida kwa shaba. Rangi haina madhara. Endelea kutumia kwa kujiamini. Remigius, Huduma kwa Wateja." Kisha ile mikono miwili.

Bartolomeo akauliza tena. Akajibiwa yale yale, neno kwa neno, mikono kwa mikono. Akaizima simu, akamwambia mkewe kwamba basi, wataalamu wameshasema, yeye ni nani abishane nao.

Wakati wa kung'oa maharage mbogo mmoja akashuka, dume la upweke lililofukuzwa na wenzake, na hao ndio wabaya. Antonia alikuwa ng'ambo ya bonde na wanawake wengine, mgongo umeinama. Aliinua kichwa kwa sababu wenzake waliinua. Akamwona mumewe ukingoni mwa korongo, bunduki juu. Akamwona anaishusha. Akamwona anaiinua tena. Bunduki haikulia, na yaliyofuata siyasemi hapa, maana hata yeye hajawahi kumsimulia mtu.

Msiba ungeishia hapo, ingekuwa ni msiba tu. Kila nyumba ina wake. Lakini jamani, midomo ya watu! Matanga hayajaanuliwa, pale penye pombe wakaanza: ah, Bartolomeo alikuwa ameonja kidogo siku ile. Mara, alisahau kufungua usalama wa bunduki. Mara, hakuweka risasi kabisa, aliziacha nyumbani kwa ulevi. Mtu aliyekunywa kibuyu kimoja Jumapili baada ya misa, tena nusu akampa mgeni! Binti yake, Penina, akarudi kutoka shuleni na macho mekundu, akamuuliza mama yake kama ni kweli baba alikufa kwa ulevi.

Antonia akawapigia Ngurumo. Simu ile ina muziki, mwaujua, ule wa kukubembeleza ukae kama mjinga na sikio lako. Kwa Kiswahili bonyeza moja. Akabonyeza. Wewe ni mteja wetu wa thamani. Akangoja. Alipopata mtu, akaambiwa suala lake linashughulikiwa. Alipopata mwingine, akaambiwa uchunguzi umekamilika na chanzo ni matumizi yasiyo sahihi ya mteja. Uchunguzi upi, na nani alikuja kuchunguza? Muziki ukarudi.

Sasa msikilize vizuri mjue alichokitaka, maana watu walidhani anataka fidia, wakamshauri atafute wakili. Fidia haikumpa usingizi. Alitaka mtu mmoja, Remigius yule yule, asimame mbele ya watu wale wale waliomwita marehemu mlevi, aseme kwa mdomo wake kwamba risasi zilikuwa mbovu. Asiandike. Aseme. Na akitaka kulia wakati anasema, alie, Antonia hatampa kitambaa.

Aliyeifungua njia ni wifi yake, Laurencia, anayefanya kazi mapokezi kwenye lodge moja pale Karatu mjini. Laurencia aliweka mtandaoni picha ya risasi yenye madoa, chini yake jibu la Remigius, chini yake msalaba wa kaburi la kaka yake. Maneno hakuongeza. Picha ikatembea mpaka kwa wenye makampuni ya uwindaji kule Arusha, wateja wakubwa wanaonunua kwa makatoni, nao wakaanza kuuliza maswali. Hapo ndipo ungeshangaa. Ofisi iliyokuwa ikimwekea Antonia muziki ikampigia yenyewe, tena alfajiri. Tunakuja kukupa pole, mama. Nani anakuja? Anakuja Remigius.

Siku ile Antonia hakupika chakula. Alikwenda moja kwa moja kwa Ngoyai.

Ngoyai ni Mmasai wa Malambo, ambaye wakati wa kiangazi huleta ng'ombe wake kula mabua kwenye mashamba ya Wairaqw, watu wa akina Antonia, kwa makubaliano. Alikuwa rafiki wa Bartolomeo, wa kutaniana kila wakikutana. Antonia alimkuta akiegemea fimbo yake, akamuuliza bila salamu ndefu kama yule mbogo bado anashuka kwenye korongo. Ngoyai akaacha kuegemea fimbo.

"Mama Penina," akasema, "huyo kijana anayekuja ana mama yake."

Antonia akayakwepa macho yake. Alijua alichokuwa ameomba, na alijua kwamba Ngoyai amekijua.

"Mbogo simwamuru mimi, na ameshahama," Ngoyai akaendelea. "Lakini dume ninalo. Lile jeusi. Ukilifunga mbali na majike yake linakoroma mpaka mashetani wanahama mtaa. Na wewe ni Mwiraqw wa kwanza kuja kuniomba ng'ombe. Wenzako wote huja kuulizia ng'ombe wao waliopotea." Antonia akacheka, kwa mara ya kwanza tangu maziko, na kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. Wakapatana.

Remigius alifika na gari jeupe la kampuni, shati limenyooshwa, kofia ina maandishi ya Ngurumo. Watu walikuwa wamejaa uani kwa Antonia: mwenyekiti wa kijiji, Felisiani, kamati yake, wanawake wa kung'oa maharage, na wale wa penye pombe pia, maana hawakosi penye umbea. Kijana akawasalimia kwa Kiiraqw safi. Akasema yeye si mgeni, ni mtoto wa Mbulu kabisa, babu yake amezikwa kule, mila zote anazijua, kwa hiyo wazungumze kama ndugu. Watu wakaitikia kwa furaha. Mdomo ulimponza pale, ila yeye alidhani ameupata mlango.

Antonia akaleta kibuyu cha pombe. Akakiinua, akanywa funda moja mbele ya wote, akamkabidhi. Hivyo ndivyo ilivyo: mwenye kuleta kinywaji huonja kwanza, ili anayepokea ajue hakuna sumu. Remigius akapokea kwa mikono miwili, akanywa, akasifu.

Kisha akatoa hotuba. Kampuni imeguswa sana. Kampuni inaomboleza pamoja na familia. Kuna karatasi moja tu ya kusaini, jambo dogo, inayosema kwamba marehemu, kwa bahati mbaya, hakufuata maelekezo ya matumizi, ili suala lifungwe kwa amani na ile picha iondolewe mtandaoni. Na kampuni haikuja mikono mitupu. Dereva akashusha kofia, akashusha fulana, akashusha na katoni nzima ya risasi mpya, zawadi kwa kijiji. Felisiani akavaa kofia yake pale pale.

Ubani wa risasi, jamani. Kwa mjane.

Antonia akamsogelea. Akamuuliza kwa utulivu kama anamkumbuka Bartolomeo, aliyemtumia picha akamjibu mara mbili. Remigius akakunja uso akijaribu kukumbuka, akashindwa, akatabasamu. "Mama, kwa siku najibu watu zaidi ya mia," akasema. Hakuwa na ubaya aliposema hivyo, na hilo ndilo lililomuuma Antonia kuliko ubaya wenyewe. Yeye alikuwa amelibeba jina la kijana huyu kifuani kila usiku, na kijana hakuwa na la mumewe hata ukuchani.

Akaomba katoni ifunguliwe. Ikafunguliwa, boksi la juu likachanwa, risasi zikamwagwa kwenye ungo. Madoa ya kijani. Madoa meusi. Yale yale. Huko Dar mtu alikuwa ameingia stoo, akachukua walichoshindwa kuuza, akakifunga kama pole ya msiba. Uani pakapita mnong'ono, na wanawake wakaanza kusogea mbele.

Remigius aliziona pia. Kisha ile kazi yake ikamjia mdomoni yenyewe. "Hiyo ni rangi tu, mama," akasema. "Rangi haina madhara."

Antonia alikuwa amelisoma lile neno mara nyingi, lakini hakuwahi kulisikia likitamkwa na mtu mwenye meno na ulimi. Alitamani kumrukia. Badala yake akainua kile kibuyu.

"Hiki nimekuletea mimi, nikaonja kwanza," akasema. "Na wewe umetuletea chako. Umesema mwenyewe kuwa ni mtoto wa Mbulu, mila unazijua. Basi onja."

Kila mtu pale alielewa, na Remigius alielewa kuliko wote. Angekuwa mtu wa kutoka kwingine angecheka, akasema hajui mambo ya huku, akapanda gari. Sasa atasemaje? Alijaribu. Alisema kampuni ina maabara ya majaribio. Bibi mmoja akamuuliza kama kule maabara walionja wao au walimwonjesha marehemu. Felisiani akaivua kofia taratibu, akasema kwamba mama ameomba jambo la haki, na bunduki ya kijiji hii hapa.

Antonia akaweka sharti mbele ya wote. Aende pale pale aliposimama Bartolomeo, ukingoni mwa korongo, apige juu, mitutu yote miwili, kwa risasi zake alizoleta. Zikilia, yeye atasaini karatasi, picha itafutwa, na atatangaza kanisani kwamba mumewe alikufa kwa kosa lake mwenyewe. Laurencia akamshika mkono kumzuia. Antonia akautoa. Alikuwa anajua anachokiweka rehani, jina lote la mumewe, na hakujua kama zitalia au hazitalia. Risasi mbovu nazo zina siku zao za kukubali.

Remigius akakubali. Ana leseni, akasema, na hupiga shabaha kila mwisho wa mwezi. Akachagua risasi mbili zenye madoa machache, akazipangusa na shati. Umati ukabaki juu, mwisho wa shamba la maharage, Laurencia simu mkononi. Wakashuka wawili tu, yeye na Antonia, mpaka kwenye ukingo, kwenye nyasi ndefu.

Hapo kikakoroma kitu korongoni.

Kijana akasimama. Kichaka kilichokuwa hatua chache mbele yao kikatikisika, tawi likavunjika, kikakoroma tena, kwa sauti nzito ya kutoka tumboni. Akauliza kwa mnong'ono kuna nini mle.

"Ni yule aliyemuua mume wangu," Antonia akasema. Alidanganya kwa uso mkavu, na ninavyomjua hajawahi kutubu dhambi hiyo. "Hushuka saa hizi. Usiogope, piga tu juu atageuka. Piga kwa kujiamini."

Uso wa Remigius ukaisha damu. Pembe nyeusi ikatokeza kwenye majani. Akainua mitutu, akavuta.

Haikulia. Akavuta wa pili. Huo ukakohoa, ukatoa kimoshi chembamba kama cha mshumaa uliopulizwa, basi. Dume likavuta kamba yake, kichaka chote kikaja mbele, na kijana wa huduma kwa wateja akaitupa bunduki ya kijiji, akapanda mlima kwa mikono na miguu. Aliteleza, akaanguka kwenye tope la mfereji wa kumwagilia shamba, akaendelea kupiga kelele akiwa pale pale chini.

"Mbovu! Risasi ni mbovu, nisaidieni! Tuliambiwa! Tuliambiwa tujibu hivyo!"

Mkuki kwa nguruwe, mwajua wenyewe. Kila neno lilifika juu. Lilifika kwa mwenyekiti, lilifika kwa kamati, lilifika kwa wale wa penye pombe, na lilifika kwenye simu ya Laurencia. Ngoyai akatokea kichakani akiliongoza dume lake kwa kamba, akilipigapiga shingoni na kulisemesha Kimasai, na watu walipomwona wakaanguka kwa kicheko. Wanawake wakapiga vigelegele. Wale wa penye pombe hawakucheka; walitazama viatu vyao. Mmoja wao akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye tangu mwanzo alimjua Bartolomeo ni mtu makini, na bibi yule yule akamwambia afunge kinywa.

Antonia ndiye peke yake aliyebaki ukingoni. Alikuwa amekipata alichokitaka, tena na nyongeza. Angepaswa kuwa anacheza.

Lakini alikuwa ameisikia ile bunduki ikigoma. Siku ile, ng'ambo ya bonde, hakusikia kitu. Leo alikuwa amesimama begani kwa mtu. Ni mlio mdogo, wa chuma kugusa chuma, ganda la harage kavu lina kelele zaidi. Na baada yake pana nafasi. Miezi yote alijifariji kwamba ilikuwa ghafla, kwamba Bartolomeo hakujua. Kumbe pana nafasi ya kutosha mtu kuishusha bunduki, kuitazama, kukumbuka kwamba aliuliza mara mbili, na kuiinua tena. Alijua. Mume wake alikuwa na muda wa kujua, na muda wa kujua ni nani aliyemwambia aendelee. Uchungu ukamjaa upya, mbichi kuliko wa siku ya maziko.

Akaokota bunduki. Akapanda mpaka kwenye mfereji, ambako Remigius alikuwa amekaa kwenye tope, suruali imelowa na si kwa tope peke yake. Alipomwona akanyoosha mkono ili ainuliwe.

"Nisamehe, mama."

Antonia hakuupokea mkono. Alimuuliza ilipo simu yake ya kazi, ile anayojibia watu zaidi ya mia kwa siku. Kijana akaitoa mfukoni, inang'aa, haina hata doa. Akamwambia aifungue. Akamwambia amtafute kila aliyewahi kuulizia rangi, wa Loliondo, wa Tabora, wa popote, na amwandikie yale maneno aliyoyapigia kelele sasa hivi, kisha chini yake aandike jina lake.

"Mama, nitafukuzwa kazi."

"Utafukuzwa," Antonia akasema. "Anza."

Jua lilikuwa bado juu. Watu wakateremka mmoja mmoja wakawazunguka, kicheko kimekwisha, na hakuna aliyemhimiza wala aliyemwombea. Kijana akaandika na vidole vyenye tope, na kila alipotua kuinua macho alimkuta mjane amesimama palepale, anasoma.